Vikombe Viwili vya Chumvi

Nilikuwa na umri wa miaka 6 hivi mama aliponiamsha alfajiri, umande bado umelala kwenye migomba, tukashika njia ya kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya bonde. Alikuwa amebeba kikapu, na ndani yake vikombe viwili vya chumvi vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Jirani alitoka akiwa bado anajifunga kanga. Mama akapiga magoti, kama ilivyo desturi ya wanawake wetu Wahaya wanaposalimia kwa heshima, akamwambia kwamba wakati wa vita vya Hitler, chumvi ilipokuwa haba, aliazima vikombe viwili kwake, kisha alipodaiwa akakana. Yule mama hakukumbuka chochote. Alipokea chumvi yake kwa mshangao, akatukaribisha ndani, akatupa kahawa ya kutafuna. Wakati wa kurudi mama aliimba wimbo wa Tukutendereza njia nzima, kwa sauti kubwa, hata nikaona aibu tulipopishana na watu.

Kwa miaka mingi niliielewa safari ile kama mtoto anavyoielewa: mama alikuwa na deni, amelilipa, moyo umepata nafuu, ndiyo maana anaimba. Nilikua nayo hivyo, nikaoa nayo hivyo, nikawa mzee wa kanisa nayo hivyo. Mwaka mmoja kabla hajafariki nikamkumbusha habari ile, nikamwambia jinsi ilivyonifundisha kulipa ninachodaiwa. Akanitazama kama mimi nilivyozoea kumtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu ya kujumlisha.

"Mwanangu," akasema, "chumvi ile niliipeleka Jumatano. Kuimba nilianza Jumapili."

Nina zaidi ya miaka 70 sasa, na ninaandika haya kwa sababu ya siku hizo mbili. Naona kizazi changu kilizipanga upya, kikaweka Jumatano mbele.

Mama alikuwa mlokole, mmoja wa waliookoka katika Uamsho. Vijana wakisikia neno uamsho leo hufikiri habari za jukwaa na spika kubwa. Huu ninaousema ulianza kwa uchovu wa mtu mmoja. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe pale Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, akiwa amechoka na kuishiwa nguvu ya imani, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakaketi pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Hakuna aliyemfundisha mwenzake kama mkubwa na mdogo. Wote wawili walikuwa wakitafuta. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha, akahubiri kwa bidii iliyowasha wengi, akafariki Januari 1936 angali kijana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 moto ule ulikuwa umeenea Uganda, Burundi na Kenya, na ukavuka mpaka hadi kwetu Bukoba. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa pale Dar es Salaam kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa mtoto wa Uamsho huo.

Walokole waliita maisha yao kutembea nuruni. Walikaa kwenye mduara, mwalimu na mpagazi, mke na mume, Mzungu na mpishi wake, na kila mmoja alisema dhambi yake kwa jina lake halisi. Niliwahi kuwasikia watu wazima wakitaja mbele ya watoto mambo ambayo mimi hadi leo nisingethubutu kuyataja mbele ya daktari. Na walicheka! Hilo ndilo nililolisahau katika utu uzima wangu. Walikiri huku nyuso zao zinang'aa, kwa sababu walikuwa wakiongea juu ya mzigo uliokwisha kushushwa. Walianza na msalaba, na kutoka hapo wakapata ujasiri wa kugeuka nyuma na kuitazama chumvi.

Sisi watoto wao tulirithi orodha. Mlokole hanywi pombe ya rubisi. Mlokole hachezi ngoma. Mlokole hakopi, hatongozi, hasuki nywele kwa mtindo wa mjini. Kila neno katika orodha hiyo lilikuwa na kisa chake, mtu fulani aliyeacha kitu fulani kwa furaha siku fulani. Visa vilikufa na wenyewe. Orodha ikabaki.

Halafu tulikuwa na jambo la zamani zetu. Azimio la Arusha lilinikuta sekondari, na Machi ya mwaka huo huo wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Nilipoingia chuo cha ualimu nilikuwa nimeyashika moyoni kama katekisimu. Tulifundishwa kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulifundishwa kwamba uhuru ni kazi, na kwamba asiyefanya kazi asile, maneno ambayo Mtume Paulo aliyasema kabla ya TANU. Sitaki kusikika kama ninayajutia. Tulijenga madarasa kwa mikono yetu, tukafundisha watu wazima kusoma jioni kwa taa ya chemli, na jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipovamia mkoa wetu mwaka 1978 hatukungoja kuambiwa la kufanya. Kilikuwa kizazi cha watu wa kazi, na ninakiheshimu. Kupokea ndiko tusikokujua. Ukimpa mtu wa rika langu kitu, kabla hajakishika vizuri anatafuta cha kukurudishia, na asipokipata anaona amedhalilika. Sasa mpeleke mtu wa namna hiyo mbele ya injili inayosema kwamba umepewa, huwezi kulipa, wala hutadaiwa. Atashukuru kwa mdomo, kisha usiku ataanza kutengeneza daftari la malipo.

Sisi wazee wa kanisa tulikuwa na daftari hilo kweli kweli. Mwaka 1984 baraza letu lilikaa juu ya binti wa miaka 17, mwanakwaya, niliyemfundisha darasa la saba. Alikuwa mjamzito na hakuwa ameolewa. Kikao hicho kilituchukua muda mfupi kuliko tuliotumia kujadili mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliandika muhtasari, kisha nikaandika barua ya kumpelekea nyumbani kwao, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Jumapili jina lake likasomwa. Kuanzia siku hiyo aliketi benchi la nyuma, hakuimba, hakukaribia Meza ya Bwana, na mtoto alipozaliwa hakubatizwa. Mwanamume aliyempa mimba hatukumtaja. Tulimjua. Aliketi mahali pake pa siku zote, upande wa kulia, na Chakula cha Bwana alikula.

Baada ya miaka mitatu binti akarudishwa kundini. Alisimama mbele ya madhabahu, akasema maneno aliyofundishwa kusema, tukampa mkono, kwaya ikaimba. Niliona tumefanya vyema. Nilifikiri hiyo ndiyo neema. Leo najiuliza tulikuwa tumempa nini ambacho hakuwa amekilipia kwa miaka mitatu ya benchi la nyuma. Baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, alimwona mwanawe akiwa angali mbali, akakimbia. Mzee wa heshima hakimbii, wala kule Palestina ya zamani wala hapa Kagera. Yule alikimbia, akamkumbatia kijana kabla hotuba yake ya toba haijaisha. Sisi tuliketi mlangoni na saa mkononi.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitoka mkoani kwetu, mwaka 1983. Hatukuwa na jina la ugonjwa. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizoletwa na wachuuzi wa magendo kutoka Uganda. Kufikia mwishoni mwa muongo huo tulikuwa tunazika kila wiki, na waliozikwa walikuwa rika letu na wadogo zetu. Mimbarini kulikuwa na mstari mmoja uliopendwa, ule wa Waraka kwa Warumi unaotaja mshahara wa dhambi. Tuliusoma hadi kwenye neno mauti, tukafunga kitabu. Mstari hauishii hapo. Paulo ameweka maneno mawili uso kwa uso, mshahara na karama, kama mtu anayeonyesha mikono yake miwili, na sisi tuliwaonyesha wafiwa mkono mmoja tu.

Mwalimu mwenzangu alifariki katika miaka hiyo. Kabla ya kukubali kengele ipigwe na mwinjilisti avae joho, tulifungua daftari la bahasha kuona kama ahadi yake ya mwaka ilikuwa imelipwa. Hakuwa amelipa, alikuwa kitandani miezi minane. Tulimwombea nyumbani, kengele haikupigwa. Mjane wake alitupikia chakula. Nilikila.

Huwa napenda kufikiri juu ya maneno, labda kwa sababu niliyaandika ubaoni miaka 34. Neno neema lilikuwa limeshiba kabla Wakristo hatujaliazima. Lilitoka Uarabuni, na kwa Mswahili wa kawaida lilikuwa na maana ya wingi, mvua nzuri, mazao yaliyojaa ghala. Hata leo tunasema mwaka wa neema, na anayefanikiwa tunasema ameneemeka. Waliotafsiri Biblia wakalichagua kubeba fundisho la Paulo, na naona walichagua vyema, maana mvua hainyeshi kwa kuwa mkulima amestahili. Lakini watoto wangu wa darasani waliwahi kuniuliza swali lililonishinda. Tulikuwa tukisoma, katika kipindi cha dini, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. (Msomaji wa Kiswahili ana bahati: saa zetu na saa za Injili zinahesabiwa kutoka mapambazuko, hatuhitaji kugeuza kitu. Saa kumi na moja ni ile ile tunapofunga majembe kurudi nyumbani.) Wote wakalipwa dinari moja. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huo si upendeleo?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema wale wa mwisho labda walifanya kazi kwa bidii zaidi. Hilo halimo katika mfano. Nilikuwa ninamtetea Mungu kwa kumpa kanuni zangu. Leo ningemwambia mtoto yule aangalie kwa nini wale wa saa kumi na moja walikuwa bado sokoni. Wanasema wenyewe: hakuna mtu aliyetuajiri. Walisimama kutwa nzima juani wakiangalia wengine wakichukuliwa, wenye nguvu kwanza. Upendeleo tunaouchukia humpa aliye na mjomba ofisini. Mwenye shamba alimpa asiyekuwa na mtu. Na dinari moja ilikuwa chakula cha nyumba kwa siku moja. Kuigawa katika vipande kulingana na saa kungekuwa haki ya hesabu, na watoto wa yule wa mwisho wangelala njaa.

Kuna kitu kingine ningemwonyesha, tena nje ya dirisha la darasa. Mtoto wa Kihaya anazaliwa anakuta kibanja. Migomba imesimama, mibuni iko chini yake, udongo ni mweusi. Udongo huo haukuwa hivyo tangu mwanzo. Nje ya kibanja, kule rweya, ardhi ni maskini na nyasi ni ngumu. Vizazi visivyohesabika vilikata nyasi, vikabeba samadi, vikamwaga hapo nyumbani, hadi pakawa pale tunapopajua. Wewe hukufanya lolote. Ulifika ukakuta ndizi zimeiva. Je, mwenye kibanja hafanyi kazi? Anafanya kuliko wote, anapogolea, anatandaza nyasi, anaegemeza migomba iliyolemewa na mikungu. Lakini sijawahi kumsikia mtu akipogolea migomba ya baba yake ili apate kuwa mtoto wa baba yake.

Wapo watakaosema, na katika baraza letu walisema, kwamba mafundisho ya namna hii yatawapa watu ruhusa ya kufanya watakavyo. Paulo aliulizwa hivyo hivyo, akashangaa kwamba mtu anaweza kuuliza. Tuliwahi pia kusikia kwenye semina juu ya Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler Aprili 1945, na onyo lake juu ya neema iliyofanywa rahisi. Wazee tulilipenda sana onyo hilo. Tulilitumia dhidi ya wasichana. Yeye aliliandika akiwa mbele ya kanisa lililokuwa linawabariki wenye mabavu na kunyamaza mbele ya dhuluma. Mtu wa upande wa kulia, aliyekula Chakula cha Bwana wiki ile ya mwaka 1984, ndiye aliyepewa neema rahisi, na waliompa ni sisi.

Katika vijiji vyetu Wakatoliki na Walutheri tuliishi miaka mingi tukirushiana neno hili la neema. Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, walifika Kashozi mwaka 1892, na wale wa Bethel kutoka Ujerumani wakaja 1910, na tangu hapo ugomvi wa Wittenberg wa 1517 ukapandwa katikati ya migomba yetu. Nilikatazwa kwenda harusi ya binamu yangu kwa sababu ilifungwa na padre. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, viongozi wa pande zote mbili walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema, katika imani, wala si kwa stahili yake. Niliisoma habari hiyo gazetini, nikamkumbuka binamu yangu, ambaye alikuwa amekwisha kufa.

Na wajukuu zetu? Hapa natakiwa kuwa mwangalifu, maana mzee akianza kuwalaumu vijana hajui pa kuishia. Mjukuu wangu anayeishi Dar es Salaam anatuma sehemu ya mshahara wake kwa mhubiri, anaita kupanda mbegu. Ana chupa ya mafuta ya upako kwenye pochi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Babu, nisipopanda nitavuna nini?" Sikucheka wala sikumkemea. Nilisikia sauti yangu mwenyewe. Mtoto huyu ameshika fundisho tulilomwachia, kwamba kwa Mungu hakuna kitu cha bure. Ameongeza bei tu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu walikimbilia kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa wakati wa ibada ya usiku uwanjani, na 20 kati yao wakakanyagwa hadi kufa. Nililia niliposikia. Walikimbia kama watu walioambiwa kwamba baraka ni chache na mlango ni mwembamba na atakayechelewa atakosa. Nani aliwaambia hivyo kwanza? Kabla ya mhubiri yeyote wa uwanjani kulikuwa na sisi, tulioketi na daftari.

Mwaka jana nilianguka kibanjani nikavunjika nyonga. Wanangu wako mbali, walituma hela na wakaja kwa zamu, lakini watu wana kazi. Aliyekuja kila asubuhi kwa miezi mitatu, akanipikia uji, akaniinua kitandani, alikuwa binti yule wa mwaka 1984, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Sikumwita. Wiki ya kwanza nilimwekea noti ya shilingi 10,000 chini ya kikombe. Akairudisha mezani. Wiki ya pili nikaongeza. Akaniambia, "Mwalimu, weka hela yako," kwa upole kabisa, kama anayezungumza na mtoto wa darasa la kwanza aliyekosea kushika penseli.

Siku moja nilijikaza. Nikamwambia, "Barua ile niliiandika mimi."

"Najua, Mwalimu. Mwandiko wako ndio tuliofundishwa."

Nikaomba msamaha, vibaya, maneno yakigongana. Alinyamaza akikoroga uji upoe. Kisha akasema kwamba hilo lilikwisha zamani. Nikamuuliza lini, nilifikiri atasema siku aliporudishwa kundini. Akafikiri kidogo. Akasema hakumbuki mwezi, ila mtoto alikuwa bado ananyonya, na yeye alikuwa akikaa nje ya kanisa, karibu na dirisha, kusikiliza kwaya ikifanya mazoezi, na jioni moja akajikuta anaimba nao sauti ya pili.

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka na kikombe kilikuwa cha moto. Akanishikia.